Mama amenyong'onyea, na kila nikienda siachwi naye peke yake

SWALI

Assalaam aleikum washauri,

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, mtoto wa tatu kati ya wanne. Nimeolewa Mombasa. Kaka yangu wa pili yuko Oman kikazi na mdogo wetu wa kike ameolewa Faza. Mama yetu, ambaye ana miaka 76, anaishi na kaka yetu mkubwa na mkewe katika nyumba aliyoirithi mama mwenyewe kwa babake. Wifi yangu ndiye anayempikia, anayemfulia na anayemwogesha tangu goti lilipomzidi.

Mama alikuwa mtu wa watu. Ikishaswaliwa alasiri hakosi kushona kofia na jirani zake, na maneno yake hayaishi. Sasa nikienda namkuta chumba cha juu, amelala hata saa sita mchana, na akiamka ulimi mzito. Amekonda. Miwani yake imevunjika mkono na haijatengenezwa, kwa hivyo hata sindano haishiki tena. Mara ya mwisho nilipomsaidia kutawadha niliona alama nyeusi mikononi, juu ya viwiko, huku na huku, kama za vidole. Kaka akasema ni ngazi, mama hujigonga akishuka. Lakini wifi alikuwa ameshaniambia mama hashuki tena.

Simu ya mama anakaa nayo kaka. Nikipiga naambiwa chaji imeisha au mama kalala. Pesa za Inua Jamii, zile za serikali za wazee, zinaingia, lakini mama hajui zimeingia lini wala zimenunua nini. Kilichonitia hofu zaidi ni jirani aliyeninong'oneza kwamba kaka alikuja na mtu mwenye bahasha, mama akawekeshwa kidole gumba kwenye karatasi. Nilipouliza nikajibiwa ni karatasi za hospitali.

Nikiingia chumbani, wifi huja kukaa mlangoni. Siku aliyotoka kidogo nikamuuliza mama, akanishika mkono akasema, "Nyamaza mwanangu, huyu ndiye atakayenizika." Khalati yangu anasema nikienda polisi nitakuwa nimewavua nguo ukoo mzima.

Je, huu ni uzee tu, au mama anadhulumiwa? Na nianzie wapi bila kumvunja moyo mama?

Binti wa Langoni

JIBU

Wa aleikum salaam dada,

Uzee peke yake hauleti mambo hayo yote kwa pamoja. Yako ambayo huenda ni ugonjwa, na tutakuonyesha namna ya kuyatenganisha, lakini alama za vidole mikono yote miwili, usingizi wa mchana, simu isiyopatikana, pesa zisizojulikana ziendako na kidole kwenye karatasi ambazo mama hakusomewa, vyote kwa mtu mmoja na ndani ya nyumba moja, vinatosha kukufanya uchukue hatua. Wala hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wenye miaka 60 na kuendelea, 1 hufanyiwa dhuluma ya aina fulani ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi mwenye kuifanya ni mtu wa nyumbani.

Kubwa katika barua yako, kwetu sisi, ni wifi kukaa mlangoni. Mzee aliyetengwa na watu anaweza kupigwa, kunyimwa dawa na kuporwa, na asipate wa kumwambia. Mzee anayeonana na watu wake kila siku ni vigumu kumfanyia hayo. Kwa hiyo kila hatua utakayochukua ipime kwa jambo moja: je, itamfungulia mama mlango au itamfungia zaidi?

Ndiyo sababu tunakuomba usianze kwa kumkabili kaka yako, na usiandike neno kwenye kundi la WhatsApp la familia. Tunajua moyo unawaka. Lakini mtu akishutumiwa kabla hujawa na chochote mkononi, hufanya mambo matatu haraka: hukatiza wageni, huficha karatasi, na humwambia mzee, "Umenisema." Wewe ukishapanda boti kurudi Mokowe, mama ndiye anayebaki naye ndani.

Anza na hospitali. Hii ni njia ambayo haimtuhumu mtu. Mpigie kaka kwa upole, umwambie unakuja kumpeleka mama kliniki ya presha na macho, gharama juu yako. Mpeleke hospitali ya King Fahd, na mkifika umtafute muuguzi pembeni kabla mama hajaingia. Mwambie waziwazi: "Naomba mama aonwe peke yake, bila mimi na bila mtu yeyote wa nyumbani, na akaguliwe mwili mzima." Kumuona mgonjwa faraghani ni jambo la kawaida kwao. Hata wewe utoke. Mama anaweza kukuficha wewe kwa kukuhurumia, akamwambia muuguzi asiyemjua.

Nini kiangaliwe? Tuzisemee kidogo alama za mikono, maana hapo ndipo watu hukosea pande zote mbili. Ngozi ya mzee ni nyembamba na damu huvilia kwa urahisi, hasa akiwa anakunywa aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Uchunguzi mmoja uliofanywa Marekani kwa wazee waliojigonga wenyewe ulikuta kwamba alama karibu 9 kati ya 10 zilikuwa mikononi na miguuni. Hakuna iliyokuwa shingoni, masikioni, makalioni wala kwenye nyayo. Basi alama ya mkononi peke yake haimhukumu mtu, ila ikionekana sikioni, shingoni, mgongoni au makalioni, hapo pana maswali ya kuulizwa siku hiyo hiyo. Rangi nayo isikudanganye: weusi, zambarau au manjano hautakuambia kwa hakika alama ni ya siku ngapi.

Alama za vidole juu ya viwiko, mikono yote miwili, mara nyingi huashiria kwamba mtu alishikwa kwa nguvu. Lakini ikiwa mama alishikwa, alishikwa vipi? Huenda alitikiswa au alisukumwa. Huenda pia wifi humwinua kitandani kwa kumvuta mikono, kama wengi wafanyavyo bila kujua. Uliza, na ukiweza uangalie anavyoinuliwa. Namna iliyo salama ni hii: mama asogezwe hadi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage chini, aegemee mbele kidogo. Anayemsaidia asimame karibu, akunje magoti, amshike nyuma ya mbavu au kiunoni, kisha wainuke pamoja. Asishikwe mikono wala kwapa. Wifi akielekezwa hivyo na alama zisirudi, umejua chanzo. Zikirudi, umejua pia.

Usingizi wa mchana na ulimi mzito vinatutia wasiwasi kuliko kukonda. Kuchanganyikiwa akili kunakokuja kwa siku chache mara nyingi ni ugonjwa unaotibika: maambukizi ya mkojo, malaria, sukari kushuka, mwili kukauka maji. Kukiwa kwa miezi na miaka, kukitanguliwa na kusahau, kunaweza kuwa ni ugonjwa wa akili za uzeeni. Lakini pana sababu ya tatu ambayo hospitali hukosa kuijua isipotajwa, nayo ni mzee kupewa dawa ili alale. Kuna vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua na mzio ambavyo hununuliwa dukani bila cheti. Kwa kijana ni usingizi wa usiku mmoja. Kwa mzee huleta kuweweseka, kinywa kukauka, mkojo kuziba na kuanguka, na akipewa kila siku huonekana kama aliyepotewa na akili kabisa. Siku ya kliniki chukua mfuko wa dawa wote ulio chumbani, hata vipande vya vidonge visivyo na jina, umpe daktari.

Hesabu na vidonge vyake halali. Ikiwa alipewa vya presha 30 vya kumeza kimoja kwa siku, siku ya 20 vinatakiwa vibaki 10. Vikibaki 25, hapewi. Vikiwa vimekwisha, ama anapewa zaidi ya kipimo ama vimekwenda kwingine. Hesabu hii haimgombezi mtu, na ni kitu cha kuonyeshwa daktari.

Apimwe uzito, uandikwe. Mzee aliyekuwa na kilo 60 akapungua kilo 3 au zaidi katika miezi 6 hadi 12, bila kukusudia, anahitaji uchunguzi: sukari, kifua kikuu, meno na fizi, kumeza, huzuni kali. Yote yakikosekana, swali linarudi jikoni. Anakula nini, saa ngapi, na nani humlisha? Muuguzi amwangalie pia chini ya mgongo, nyonga na visigino. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa upande mmoja bila kugeuzwa kila saa 2 hivi, ngozi hapo huwa nyekundu isiyofifia ukiibonyeza, kisha hupasuka kidonda. Na miwani itengenezwe siku hiyo hiyo. Tunalisema hili kwa uzito. Mzee asiyeona hasomi anachowekeshwa kidole, hazioni pesa zake, na kofia zake hazishoni, na jirani waliokuwa wakija kwa ajili ya kofia hawana tena cha kuwaleta.

Ukibaki peke yako na mama, usimuulize, "Kaka anakupiga?" Hilo ni swali la kumtaka amshtaki mwanawe wa kwanza, na jawabu lake ulishalipata. Muulize siku yake inavyokwenda. Akiamka nani humjia? Akisikia njaa humwambia nani, na huambiwa nini? Imewahi kumpitia siku akakosa chakula, dawa au mtu wa kumpeleka chooni? Kuna anayemsemesha maneno ya kumtia aibu au kumtisha? Kuna aliyemlazimisha kutia kidole, au kutoa pesa asizotaka kutoa? Kuna mtu ambaye akisikia hatua zake kwenye ngazi, moyo humwenda mbio? Uliza moja, nyamaza, subiri. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwahidi kwamba hutafanya jambo lolote bila kumwambia yeye kwanza, na ahadi hiyo uishike.

Akisema hataki lolote lifanywe? Mtu mzima mwenye akili zake ana haki hiyo, hata kama uamuzi wake unatuumiza. Kinachotazamwa ni kama anaelewa anachoambiwa, anakikumbuka muda wa kutosha kukipima, anajua kitakachofuata, na anaweza kutamka anachokitaka. Akiweza, ni mwamuzi. Wewe utaendelea kumzungukia, kumpa habari za msaada uliopo, na kupunguza hatari. Maneno yake kwamba huyo ndiye atakayemzika yasikilize vizuri: hofu yake si kaka tu, ni kubaki pasipo mtu. Mwambie kwa vitendo kwamba watoto wa kumzika ni wanne. Na usimbebe ghafla kumpeleka Mombasa ukidhani umemwokoa. Kumng'oa mzee kwenye mtaa wake, kitanda chake na majirani zake kunaweza kumharibu vilevile, na nyumba ikabaki mikononi mwa mwenye bahasha.

Anza daftari leo. Tarehe, saa, ulichokiona, na maneno kama yalivyosemwa, bila kuweka maoni yako. "Mama amedhulumiwa" haisaidii. "Alama 4 mkono wa kulia juu ya kiwiko, kaka kasema ngazi, wifi kasema mama hashuki" inasaidia. Mama akiridhia, piga picha mbili za kila alama, ya mbali inayoonyesha ni mkono wa nani, na ya karibu iliyowekwa sarafu ya shilingi pembeni ili ukubwa ujulikane. Zihifadhi kwako tu.

Sasa pesa. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na kuendelea, na ni za mama, hata pale mwingine anapomsaidia kuzipokea. Ikiwa zinaingia kwenye simu, siku ya hospitali mkiwa na laini na kitambulisho chake badilisheni namba ya siri ya M-Pesa kwa *334#, na mama achague tarakimu mwenyewe. Laini iwe Safaricom, *106# itawaonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tazameni pia kama kuna deni la Fuliza au M-Shwari lililochukuliwa kwa jina lake, maana kuna wazee wanaodaiwa mikopo wasiyoijua na kila pesa inayoingia hukatwa kabla hawajaiona. Msaidizi wa kupokea anaweza kubadilishwa, na ombi hilo hupelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, au kwanza kwa chifu. Ila fahamu kwamba kukata pesa ndipo mara nyingi hasira hulipuka. Usiibadilishe namba ya siri asubuhi ukasafiri jioni. Kaa siku kadhaa, au mdogo wako wa Faza awepo.

Karatasi ya kidole gumba haingoji. Hati ya kuhamisha ardhi iliyosajiliwa haisimami kwa kidole kilichowekwa chumbani tu, kwani mwenye mali anatakiwa afike mbele ya wakili au ofisa aliyeidhinishwa na kutambuliwa. Mama, au wewe kwa idhini yake, muombe upekuzi rasmi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi mjue nyumba iko kwa jina la nani hivi leo. Kama hakuna kilichosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu msajili kuweka kizuizi ili mali isihamishwe kwa ulaghai. Mwenye maslahi katika mali naye anaweza kuomba tahadhari iandikwe. Baadhi ya nyumba za mji wa kale zina hati za zamani au ni wakfu, kwa hivyo mchukue wakili au msaidizi wa kisheria anayezijua za Lamu.

Huenda ukaambiwa ni hiba, mama kampa mwanawe. Hiba haitimii kwa kidole peke yake. Inataka mtoaji aridhie kwa hiari, mpokeaji akubali, na mali ikabidhiwe. Na hiba ya aliye katika maradhi ya mauti hushughulikiwa kama wasia, ambao hauvuki theluthi moja na haumfikii mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Kadhi wa Lamu anaweza kuwaeleza haya kwa kina. Mjue tu mipaka yake: Mahakama ya Kadhi husikiliza ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu binafsi baina ya Waislamu. Kupigwa, kutishwa na kufungiwa si kesi zake.

Wifi yako tumemfikiria sana. Barua yako inamtaja mlangoni, lakini inamtaja pia jikoni, kwenye ndoo ya kufulia na bafuni. Kumwogesha, kumgeuza na kumlisha mtu mzima kila siku, bila siku ya kupumzika na bila malipo, humchosha mtu mpaka akawa mkali bila kukusudia, na mwingine humpa mzee kidonge cha usingizi ili naye alale. Dhuluma haihalalishwi na uchovu. Lakini aliyechoka na anayeficha hawatibiwi kwa dawa moja, na iko njia ya kuwatofautisha: mpe msaada halisi. Mwambie utalipa mtu wa kuja kufua mara mbili kwa wiki, au mdogo wenu atakuja kukaa na mama kila Alhamisi hadi Jumamosi ili yeye aende kwao. Mwenye kuchoka atashukuru, huenda akalia, na atakueleza mengi kuliko ulivyouliza. Anayeficha atakataa msaada, kwa sababu kila anayeingia ni jicho. Ikiwa wifi anataka na kaka ndiye anayekataa, umeshajua wifi naye anakaa mlangoni kwa amri ya nani, na huenda naye anaishi kwa hofu.

Ikiwa yaliyodhihirika ni uchovu na uzembe, itisheni kikao cha familia. Vikao vingi vya sulhu huvunjika kwa sababu ya makosa yaleyale: mzee huulizwa mbele ya anayemtesa, mtesaji huomba radhi, fatiha husomwa, watu hula, hutawanyika, na hakuna aliyepewa kazi ya kurudi kuangalia. Kwa hivyo mama aulizwe faraghani kabla, na mtu anayemwamini, anachotaka kibadilike. Kikaoni muandike: kaka wa Oman atatuma kiasi gani na kwa tarehe gani, nani atakaa na mama siku zipi, dawa zitashikwa na nani, simu ya mama itakaa kwa mama. Kisha muweke siku ya kukutana tena, si zaidi ya mwezi. Ikiwa kuna kupigwa au vitisho, usiitishe kikao kabisa. Sulhu baina ya mtu na anayemwogopa humfundisha kunyamaza zaidi.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na khalati aelezwe kwa heshima kwamba aibu haianzi kwa anayesema. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee, yaani mwenye miaka 60 na kuendelea, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata malezi yanayofaa kutoka kwa jamaa zake na serikali. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu kutisha, kumuumiza mtu moyo na kumpora kiuchumi kuwa dhuluma, kama kupiga. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda kabla upande wa pili haujasikilizwa: asimguse mama, asichukue mali yake, au atoke yeye na mama abaki nyumbani kwake. Wengi hawalijui hilo la mwisho, wakidhani ni lazima mzee ndiye ahame. Amri hiyo haimpeleki kaka jela. Ni kuivunja kunakomletea mashtaka, na mama yenu huenda likamtuliza hilo, kwamba anajikinga bila kumfunga mwanawe.

Kituoni nendeni dawati la jinsia. Msiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kama kuna jeraha muombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo hujazwa na daktari. Ukienda hospitali kwanza, jeraha likiwa bado bichi, ni vizuri zaidi, maandishi ya siku hiyo yatasaidia kujaza P3 baadaye. Simu ya bure ya msaada wa dhuluma za kijinsia, 1195, hupokewa saa 24. Akikabwa shingo, akifungiwa, akitishwa kwa silaha, akinyimwa maji, chakula au dawa, usingoje kliniki, daftari wala kikao, piga 999 au 112 na mwambie jirani aingie. Na ikiwa ni unajisi, yaani kubakwa, jambo ambalo huwafika hata wazee na watu hulikataa kuliamini, asiogeshwe, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, afikishwe hospitali kabla ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI.

Neno kwa wasomaji wetu wa Malindi na Magarini, maana barua zao zinafanana na hii ila zina sumu ya ziada. Huko mzee huanza kwa kuitwa mchawi. Macho yake mekundu ya moshi wa kuni na mvi zake hufanywa ushahidi, na ukichimba chini mara nyingi utakuta shamba ambalo vijana wanataka ligawanywe. Chini ya Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, kumtuhumu mtu uchawi hovyo mbele ya watu ni kosa lenye kifungo. Maneno hayo yakianza kusemwa, hata kwa mzaha wa mangweni, yapelekeni kwa chifu na polisi siku hiyo, na mzee asilale peke yake. Kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze, kimekuwa kikiwahifadhi wazee waliokimbia tuhuma kama hizo.

Turudi kwako, dada. Kabla hujaondoka Lamu safari hii, kaa na yule jirani aliyekunong'oneza. Usimpe kazi ya upelelezi, itamtia hatarini. Muombe arudishe tu mazoea: apande juu kila baada ya alasiri na kofia yake mkononi, akae na mama, amletee uzi. Mdogo wenu wa Faza aje kwa siku zinazojulikana, na wewe upige simu wakati uleule kila siku, utake kusikia sauti ya mama mwenyewe. Siku mbili zikipita jirani hakuruhusiwa kupanda na wewe hukuisikia sauti yake, mpigie naibu wa chifu aende akamwone kwa macho yake, na wewe ukate tiketi.